Magunia ya Baba: Nilichojifunza juu ya Hukumu ya Mungu Nikiuguza Nyumbani

Kwetu Bagamoyo, marehemu awe Muislamu au Mkristo, mwili hautoki nyumbani kabla mtu wa familia hajasimama na kutangaza: kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, ajitokeze sasa au awaone wafiwa baadaye. Watu huinamisha vichwa. Mara nyingi hanyanyui mkono mtu, maana nani atamdai maiti mbele ya wanawe? Tangazo hilo nimelisikia tangu utotoni, katika misiba ya Dunda na ya Magomeni, na sikulitia sana maanani mpaka Baba yangu alipougua. Yeye hakutaka kulisubiri.

Baba alikuwa karani wa magunia kwenye mashamba ya chumvi. Kwa wasioijua kazi hiyo nieleze kidogo, kwa sababu karibu yote ninayotaka kuyasema yamo ndani yake. Maji ya bahari huingizwa shambani wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana. Hukaa kwenye jaruba la kwanza, yakafunguliwa kwenda la pili, kisha la tatu, na kila yanapohama jua na upepo vimeshayapunguza. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 tu za chumvi, kwa hiyo maji mengi sana huondoka ndipo kipatikane cha kukwangua. Wakwanguaji, wengi wao wanawake, huikwangua chumvi, huilundika, huiosha, huijaza kwenye magunia, na hulipwa kwa gunia. Karani hukaa kivulini na daftari lake akihesabu. Alichoandika karani ndicho ulichofanya. Shahidi mwingine huna.

Kwa miaka mingi Baba aliandika pungufu. Si kila siku, wala si kwa kila mtu. Alimpunguzia mgeni, au asiyejua kusoma, au mjane mwenye shida ambaye asingethubutu kupiga kelele akaikosa kazi. Gunia moja hapa, mawili pale, na tofauti ile aliwauzia watu wa malori. Sisi wanawe tulisoma kwa fedha hiyo, kwa sehemu. Nililijua jambo hili nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, tena kutoka kinywani mwake mwenyewe, baada ya kiharusi kumlaza upande mzima wa kulia.

Kwanza aliomba aitiwe padiri. Akaungama, akapakwa Mafuta ya Wagonjwa, akapokea Komunyo. Nyumba nzima ilifurahi. Mama akasema sasa mume wangu yuko tayari. Kesho yake asubuhi, nilipokuwa namnywesha uji, akaniambia kwa ulimi ule uliokuwa mzito: "Mwanangu, Mungu amenisamehe. Nina hakika. Sasa lete daftari na kalamu."

Nikamwambia, "Baba, umeshasamehewa, pumzika."

"Mungu kanisamehe ya kwake," akajibu. "Magunia ni ya watu."

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa. Mafundisho niliyapata Misheni, mahali ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuanza kazi yao Tanganyika. Katekista wetu alitukaririsha mambo manne ya mwisho: kifo, hukumu, mbingu, jehanamu. Tulijua kwamba kila mtu huhukumiwa mara tu anapokufa, na kwamba iko hukumu ya watu wote siku ya mwisho, Kristo atakaporudi. Tulijua pia habari za toharani, yaani kutakaswa baada ya kufa. Lakini nikisema ukweli wa moyo wangu, nilichokibeba kutoka pale kilikuwa woga. Hukumu niliiona kuwa kesi ambayo nimeshashindwa kabla haijaanza, na toharani niliiona kuwa jehanamu yenye kikomo. Mikutano ya hadhara yenye vipaza sauti iliuongeza ule woga. Usiku nilihesabu dhambi badala ya kusali.

Ukubwani nilikuja kugundua kwamba Kanisa lenyewe limesema machache kuliko wahubiri. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Firenze mwaka 1439, na ule wa Trento mwaka 1563, ilifundisha kwamba wapo wanaokufa katika urafiki na Mungu lakini hawajatakasika kabisa, kwamba hutakaswa baada ya kufa, na kwamba sala zetu, hasa sadaka ya Misa, huwasaidia. Urefu wa kutakaswa huko haukutajwa, wala moto haukuelezwa ni wa namna gani. Trento iliwaagiza hata maaskofu wayaondoe katika mahubiri ya watu wa kawaida maswali ya udadisi, na wakataze kila kinachonuka biashara. Laiti agizo hilo lingesomwa makanisani mara kwa mara! Ila haya yote yalikuwa ya kichwani. Chumbani kwa Baba ndiko nilikoyaelewa.

Nilileta daftari la shule la mwanangu. Baba akaanza kutaja majina. Mwili wake nusu ulikuwa umekufa, lakini kumbukumbu ya karani haikuguswa: jina, msimu, idadi ya magunia yaliyoandikwa, idadi ya yaliyojazwa. Nilishangaa jinsi alivyoyahifadhi. Miaka yote ile alikuwa amebeba daftari la pili kichwani, lile la kweli. Ndipo nilipofikiri juu ya maneno ya kitabu cha Ufunuo, sura ya 20, kwamba vitabu vilifunguliwa na wafu wakahukumiwa sawasawa na yaliyoandikwa humo. Nilidhani siku zote vitabu hivyo viko mbinguni tu, kumbe na ndani ya mtu kipo kimoja, na mkono ulioandika ni wake mwenyewe.

Alitaka alipe mara nne, kama Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili. Hatukuwa na uwezo huo. Tuliuza kiwanja chake, tukakubaliana kulipa kila gunia kwa ujira wa leo. Mdogo wangu alipinga, maana alikitegemea kiwanja kile, na ugomvi wetu ulikuwa mkali, sitauandika hapa. Nikaanza kutafuta watu.

Wa kwanza kuja alikuwa bibi mmoja Muislamu. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Nikampa bahasha. Akaiweka pembeni bila kuifungua.

"Karani, unanikumbuka?"

"Nakukumbuka."

"Sema jina langu."

Baba akalitaja, na la baba yake pia.

"Msimu ule kabla ya mvua za El Niño uliniandikia magunia tisa. Nilijaza kumi na manne."

"Ni kweli," akasema Baba.

Bibi akaendelea, taratibu, bila kupandisha sauti. Walioishi pwani wanazikumbuka mvua za mwisho wa mwaka 1997 na mwanzo wa 1998. Mashamba ya chumvi yalijaa maji ya mvua, kazi ikasimama. Aliyekuwa na akiba alikula akiba. Yeye akiba yake ilikuwa yale magunia matano. Mwanawe wa kiume alirudishwa shule kwa kukosa ada, akaenda Dar es Salaam kuuza maji, na darasani hakurudi tena. Bibi alitaja chakula walichokula mwezi ule. Alitaja deni la dukani na matusi aliyotukanwa na mwenye duka. Mimi nilitaka kumkatiza, namwona mgonjwa wangu anatetemeka, machozi yanatoka. Baba akanyanyua mkono wa kushoto, ule uliokuwa mzima, kunizuia. Hakujitetea wala hakutaja shida zake za miaka ile, ingawa alikuwa nazo. Kila bibi alipotua, alisema neno lile lile: ni kweli.

Mwishoni bibi akaichukua bahasha. "Hela nachukua kwa sababu ni yangu," akasema. "Lakini sikuja kwa ajili ya hela. Nilitaka ujue."

Kwa siku kadhaa baada ya pale Baba alizidiwa. Hakula vizuri, na usiku alikuwa akililia mtoto yule aliyeuza maji. Mama alinilaumu kwamba namuua mgonjwa. Mimi mwenyewe nilitaka tuache. Lakini alipopata nafuu kidogo aliuliza, "Nani anafuata?" Na kuanzia hapo ikawa kila akijulishwa kwamba mtu fulani anakuja, ataomba anyolewe ndevu, avalishwe shati, aketishwe kwa mito. Alikuwa anaumia, tena sana, na wakati huo huo alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo alipokuwa mzima. Mtakatifu Katarina wa Genoa, aliyefariki mwaka 1510, alifundisha kwamba hakuna furaha ya kulinganishwa na ya roho zilizoko toharani isipokuwa ile ya mbinguni, na kwamba maumivu yao hayaipunguzi furaha hiyo. Zamani ningeyasoma maneno hayo nikayaona hayaingii akilini. Sasa nimeyaona, na shati limepigwa pasi.

Jioni moja Baba alinieleza hali yake kwa lugha ya kazi yake. Chumvi ikishaanza kuganda jarubani, alisema, juu yake hubaki maji mazito yanayoteleza mkononi, machungu ajabu. Karani mgeni hudhani akiyaacha yakauke atapata chumvi nyingi zaidi. Atapata chumvi chungu, inayotota hata jua likiwaka, na hakuna atakayeinunua. Maji yale lazima yafunguliwe yatoke. "Mungu ameshanigandisha," akasema. "Mimi ni wake. Maji machungu ndiyo yaliyobaki juu yangu. Yafungueni." Nikachukua Biblia nikamsomea Marko sura ya 9, mstari wa 49, Bwana anaposema kwamba kila mtu atatiwa chumvi kwa moto. Akaniomba niurudie.

Tangu bibi yule aondoke, Zaburi nazisikia kwa namna nyingine. Ya 98 inaiambia mito ipige makofi na milima iimbe pamoja kwa furaha, na sababu inayotajwa ni kwamba Bwana anakuja kuihukumu nchi. Nilikuwa nimeuimba wimbo huo miaka na miaka bila kujiuliza: ni nani anayefurahi akisikia hakimu anakuja? Ni yule ambaye kesi yake haijawahi kusikilizwa. Bagamoyo tuna sababu ya kulielewa hili kuliko wengi. Hapa ndipo njia ya misafara ilipofika baharini. Misheni ilianzishwa kwa kuwakomboa watumwa, wengi wao watoto, na kuwajengea kijiji cha uhuru. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini ni wangapi kati ya waliouza watu walisimama mbele ya mahakama yoyote duniani? Waliokombolewa walipata uhuru. Waliowauza walikufa vitandani mwao. Na wale walioishia njiani, wakiwa bado kwenye minyororo, hata uhuru hawakuuona. Kama Mungu hahukumu, watu hao wamedhulumiwa mara ya pili, safari hii milele. Papa Benedikto wa 16 aliandika mwaka 2007, katika waraka wake juu ya matumaini, kwamba kwenye karamu ya milele wadhalimu hawataketi mezani pamoja na waliodhulumiwa kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nililiona hilo kwenye mkeka wetu. Bibi hakukubali kuketi na Baba yangu kana kwamba hakuna lililotokea. Alipokwisha kusema, ndipo waliweza kuketi pamoja kweli, na alikunywa chai yetu.

Katika waraka huo huo Papa anasema wapo wanateolojia wanaofikiri kwamba moto ule unaochoma na kuokoa ni Kristo mwenyewe, Hakimu na Mwokozi. Kwamba kukutana naye uso kwa uso ndiko kunakounguza uongo wetu wote. Nasadiki hivyo. Sijui namna nyingine ya kuuelewa mstari wa Paulo kwa Wakorintho, kwamba kazi ya mtu ikiteketea atapata hasara, ila yeye mwenyewe ataokolewa, lakini ni kama kwa moto. Kilichomuunguza Baba siku ile kilikuwa macho ya mtu aliyekuwa akimtazama na kujua kila kitu. Na yale yalikuwa macho ya mwanadamu tu.

Si wote waliokuja. Wengine walikuwa wamekufa, wengine walihama bila kuacha habari. Mmoja tulimpata kwa simu, mzee ambaye zamani alikuwa mkwanguaji na kubeba magunia. Nilimweleza yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwambie tutaonana huko," akakata. Nilifikiria kutomfikishia Baba maneno hayo, lakini yeye aliuliza. Nikamwambia. Akafumba macho. "Ana haki," akasema.

Baba alifariki siku chache kabla ya Kwaresima. Kaka alisimama uani akatangaza kama desturi, watu wakainamisha vichwa. Baada ya arobaini akaja mtu mmoja ambaye jina lake halikuwamo hata kwenye daftari. Tulimlipa.

Baada ya mazishi ndipo mabishano na wifi yangu yalipoanza. Ni mlokole, mwanamke anayeijua Biblia yake na anayempenda Yesu waziwazi. Alinikuta naandikisha nia za Misa kwa ajili ya Baba, akasema, "Wifi, damu ya Yesu yatusafisha dhambi yote, imeandikwa Yohana wa kwanza, sura ya kwanza. Mnamwongezea nini? Yule mhalifu pale msalabani alilipa magunia gani? Aliambiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Swali hilo si la kupuuza, na sikulipuuza. Historia yetu Wakatoliki ina aibu yake: Martin Luther alipopaza sauti mwaka 1517 dhidi ya waliokuwa wakifanya rehema, yaani ondoleo la adhabu ya dhambi linalotolewa na Kanisa, kuwa bidhaa, alikuwa anapinga uovu wa kweli. Lakini nilimjibu wifi kwamba yule mhalifu alikuwa akining'inia msalabani aliposema kuwa adhabu yake ni haki na kwamba amepokea malipo aliyostahili. Ule ulikuwa mkeka wake. Na kutakaswa hakuongezi kitu kwenye damu ya Yesu. Ni damu hiyo hiyo ikiendelea kufanya kazi mpaka mwisho, ikifika hadi pale ambapo bado tunashikilia kitu. Hakukubali. Hakubali mpaka leo. Nilipomsomea kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, alinikumbusha kwamba kwenye Biblia yake hakimo.

Mimi kisa hicho nakipenda sana. Askari wa Yuda Makabayo wamekufa vitani wakipigania sheria ya Mungu; wenzao wanapokwenda kuwazika wanawakuta na hirizi za sanamu chini ya mavazi yao. Watu wa Mungu, na hirizi mwilini! Yuda hawatupi, wala hasemi kwamba haidhuru. Anachangisha fedha, anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili yao. Nikisoma hapo namwona Baba, aliyekuwa akipokea Komunyo kila Dominika na kuhesabu pungufu kila Jumatatu. Alikuwa muumini kweli, na alikuwa mdhalimu kweli. Dini isiyo na nafasi kwa mtu wa namna hiyo itamdanganya, au itamkatia tamaa.

Niseme pia kwamba wifi yangu, asiyeamini toharani, ndiye aliyeongezea fedha kiwanja kilipoisha na majina bado yapo. Hakuombwa.

Kwa waliokufa bila kulipwa tulitafuta watoto wao. Kwa ambao hatukupata hata mtoto, padiri alituelekeza tuwape maskini kiasi kile kile, maana mali ya dhuluma haiwi yetu kwa sababu tu mwenyewe hajulikani aliko. Kila tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, tunakwenda makaburini na mishumaa na maji ya baraka. Kanisa linatoa rehema kamili kwa marehemu kwa wanaozuru makaburi na kuwaombea kati ya tarehe 1 na 8 ya mwezi huo, baada ya kitubio na Komunyo, na kwa moyo usioshikamana na dhambi yoyote. Sharti hilo la mwisho ndilo linalonihangaisha, na nadhani ndivyo lilivyokusudiwa. Ninapowasalia wale wa kwenye daftari, ninawataja kwa majina, Waislamu na Wakristo, kisha ndipo namtaja Baba. Mtakatifu Monika, alipokuwa anakufa huko Ostia mwaka 387, mbali na Afrika yake, aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kumzika, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Ombi la Baba lilikuwa karibu na hilo, ila yeye aliongeza: "Na wale msiwasahau."

Yule mzee wa kwenye simu bado hajataka kupokea hela. Kila Novemba nampigia kumjulia hali. Siku hizi anapokea. Tunaongea habari za mvua, za bei ya chumvi, za magoti yake yanayomsumbua. Mwaka huu, kabla hatujaagana, aliniuliza kama bado tunamsalia karani. Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, bado.

"Endeleeni," akasema. "Na mimi bado namdai."